Barua kwa mwanangu: Vyombo vikilala kwenye sinki

Mwanangu mpendwa,

Huku Mbagala hatujambo sote. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mkeo akirudi kutoka Kariakoo anaacha vyombo vinalala kwenye sinki na nguo zinarundikana juu ya kochi, na wewe usingizi hauji mpaka uvioshe, hata iwe saa sita usiku. Ukaniuliza: "Mama, huyu ni mvivu, au mimi nina makuu?"

Mkwe wangu si mvivu, wala wewe huna makuu. Ila nyumba yenu inaendeshwa kwa kanuni ya atakayeona kwanza afanye. Wewe mwenye jicho kali utaona kwanza leo, kesho na keshokutwa, na kinyongo kitakuwa chako siku zote. Yeye angevifikia vile vyombo asubuhi, lakini unamwahi.

Anza kwa kutenga uchafu unaodhuru na ule unaokukera tu. Kanga juu ya kochi haijamuumiza mtu. Mapipa ya maji ndiyo yananitia hofu. Kwa mgao wa huko Kimara mmejaza ndoo mpaka koridoni, nyingine hazina vifuniko, na dengue ilivyotusumbua hapa Dar mwaka 2019 unakumbuka. Mbu wake, huyu anayeuma mchana, hataki mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotulia. Anataga kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji yalipoishia, na mayai yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kumwaga hakutoshi. Sugua kuta kwa brashi kila wiki, kisha funika, kwa sababu kwa joto letu yai huwa mbu ndani ya siku saba hadi kumi. Hilo halina jicho la nani ni kali.

Vyombo navyo viko katikati. Mabaki yakilala, mende wanakuja. Lakini sufuria ya ugali niliyoikuta kwenu imerowekwa, ukoko umelainika na unabanduka wenyewe, ile haikuwa uchafu. Kubalianeni mabaki yatupwe usiku, vyombo virowekwe, aoshe yeye kabla hajatoka. Na kazi ikishakuwa yake ni yake yote, mpaka kukumbuka kwamba sabuni imeisha. Usirudie kuosha sahani aliyokwisha kuiosha. Ukirudia mbele yake umemwambia kazi yake si kitu, na kesho hataigusa.

Umesema pia wapangaji wenzako wanakucheka ukifua pale bombani. Waache. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwanangu, jambo hilo lilinifurahisha sana na bado linanifurahisha. Kama ni kazi inayohesabiwa mpaka mahakamani, basi anayeifanya ana heshima yake, awe mke au mume.

Usimwanzishie mazungumzo usiku, ameshuka tu kwenye basi la Mwendokasi baada ya kusimama tangu kituo cha Gerezani. Ngoja Jumamosi mchana mkishakula. Na usianze na orodha yako. Muulize yeye kwanza ni kitu gani kwako anakivumilia kimya kimya. Mimi niliyekulea nalijua taulo lako bichi juu ya kitanda, na sidhani tabia hiyo imekuisha.

Mapipa yasisubiri mazungumzo. Yasugue kesho. Brashi ya mpini mrefu niliyowaachia iko nyuma ya mlango wa bafu.

Msalimie sana mkwe wangu.

Mama yako