Mimi si shabiki wa samaki?

SWALI: Ninafasiri mazungumzo ya filamu kutoka Kiingereza. Katika filamu moja binti amealikwa chakula nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake. Baba mkwe mtarajiwa anamletea sahani ya samaki aliyempika mwenyewe, naye binti anasema, "I'm not a big fan of fish." Nikaandika: "Mimi si shabiki mkubwa wa samaki." Mhariri akafuta, akaweka: "Nachukia samaki." Nani amekosea? Halafu, tuandike "kutopenda" au "kutokupenda"? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Mmekosea wote, ila mhariri wako amekosea zaidi.

Nianze na kosa lako, maana ni jepesi. "Fan" la Kiingereza ni kifupi cha "fanatic", mtu aliyepitiliza katika imani yake. Waandishi wa besiboli wa Marekani ndio walioliingiza viwanjani mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo limechuja hadi leo mtu anaweza kuwa "fan" wa jibini. Shabiki wetu hajachuja kiasi hicho. Bado amevaa jezi, yuko uwanjani kwa Mkapa tangu saa nane, na sauti imeshamkauka. Ukisema wewe si shabiki wa samaki, msikilizaji anangoja umtajie timu yako. Kuku, labda.

Mhariri amekwenda kwenye uzito usiokuwapo. Kwanza, katika Kiingereza cha kila siku hata "hate" lenyewe limepungua makali. Watu huli­tumia kwa Jumatatu, kwa uyoga, kwa foleni. Hulitumia hata kuomba radhi: "I hate to bother you" hakuna chuki ndani yake, ni "samahani kwa usumbufu" tu. Kuchukia kwetu kuna sura mbili, na zote hazifai mezani pale. Ya kwanza ni chuki yenyewe, ile inayotaka sababu na historia. Ya pili ni kukasirika kwa wakati huo: "Mama amechukia," yaani amenuna, msubirini apoe. Binti anayemwambia mkwewe "nachukia samaki" ama ana kisasi na viumbe wa majini, ama amenuna kabla hajanawa mikono.

Sasa tazama Waingereza wanavyofanya. Neno la moja kwa moja wanalo, "dislike". Ni chotara, kichwa chake Kilatini na kiwiliwili chake Kiingereza cha asili, na lilianza kuonekana katika karne ya 16. Lakini mdomoni halina kazi kubwa. Makao yake ni maandishi, fomu za maoni na vitufe vya mtandaoni. Anayekula kwa watu halitumii. Husema kitu si chake, hakimfai yeye, si "cup of tea" yake. Samaki hana kosa, mwenye upungufu ni mimi. Hiyo ndiyo adabu ya Kiingereza katika kukataa, na ndiyo unayopaswa kuifasiri, si kikombe wala shabiki. (Ukiandika "si kikombe changu cha chai," mmoja atadhani ni rushwa iliyokosewa mtu, na kijana wa Dar, ambaye kwake "chai" ni uongo, atadhani umemwambia anadanganya.)

Na sisi adabu hiyo tunayo, ila njia yake ni nyingine. Mswahili aliyealikwa hazungumzii moyo wake, anazungumzia mazoea yake au mwili wake. "Pilipili situmii." "Maziwa huwa sinywi." "Pweza siwezi." "Tumbo langu na maharage havielewani." Kupenda hakutajwi kabisa, na mwenyeji haoni kuwa amekataliwa yeye. Angalia pia kwamba mtu akisema "sipendi" peke yake, kwa kukata, mara nyingi anakaripia: "Sipendi tabia hiyo!" Mama akilisema, mtoto anaacha. Ukilainisha kwa "sana" au "kivile" linateremka: "samaki simpendi sana" ni maoni, si karipio.

Tuna mlango mwingine tunaousahau tukifasiri: kukifanya kitu chenyewe ndicho mtenda. Hainivutii, inanikera, inanichosha, imenikinaisha, inanitia kinyaa. Hapa kuna jambo linalonifurahisha. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa hivyo. Asili ya "like" ni kupendeza: kitu ndicho kilichompendeza mtu, na mtu akakaa nafasi ya mtendewa. Baadaye mtu akahamia mbele ya kitenzi na huko ndiko aliko. Sisi tumebaki na milango yote miwili, "siipendi rangi hii" na "rangi hii hainipendezi", halafu wafasiri wanapita mmoja tu kwa sababu Kiingereza kinaanza na "I".

Vijana nao wameongeza yao, na mfasiri wa filamu asiyapuuze. Tanzania, "namwelewa sana" siku hizi ni sifa, na "jamaa huyu simwelewi" si swali la akili bali ni kutompenda kwa upole, pamoja na kutomwamini kidogo. "Simkubali" ni kumnyima heshima ya kazi yake. Nairobi utasikia "hainibambi". Ni maneno mazuri kwa wahusika wa rika hilo wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Mbele ya baba mkwe, hapana.

Kwa sentensi yako, basi, ningeandika: "Samahani baba, samaki huwa simli." Hata hivyo tazama kwanza filamu inakokwenda. Kama baadaye binti anamwonja samaki na kumsifu, "simli" itakusuta, kwa kuwa mtazamaji ataanza kufikiria mwiko au mzio. Hapo tumia "samaki simpendi sana", na umwachie mwigizaji kazi ya kutabasamu.

Kuhusu swali lako la mwisho: "kutopenda" inatosha, na mimi ndiyo ninayoichagua. Wanaoandika "kutokupenda" ni wengi na sitawaita wakosaji, lakini wana mtego, kwa kuwa hiyo "ku" ya katikati inaweza kusomwa kama wewe. "Kutokupenda kwake kuliniumiza": hakupenda nini, au hakukupenda wewe? Kwa vitenzi vya silabi moja hakuna hiari, "ku" inabaki. Binti huyo anaweza kutopenda samaki. Akikataa sahani, huko ni kutokula.