Kabla hujasimama na karata zako kwenye sherehe ya klabu

Ninyi mliojiunga na klabu ya mazingaombwe mwaka huu, sherehe ya kufunga mwaka ikikaribia mtaambiwa kila mwanachama aonyeshe mchezo mmoja. Msikimbie, ila msikurupuke. Mimi nilikurupuka.

Mwaka wangu wa kwanza nilisimama na mchezo wa sarafu niliokuwa nimeufanyia mazoezi wiki mbili tu. Sarafu ilitakiwa itoweke, na ikatoweka kweli. Watu wakaguna kwa mshangao. Mara mtoto wa mwanachama mmoja akapaza sauti: "Ipo kiganjani, naiona kwenye dirisha!" Usiku ulikuwa umeshaingia na taa za ndani zinawaka, kwa hiyo dirisha lililokuwa nyuma yangu lilikuwa limegeuka kioo cha kujitazamia. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini masikio yaliwaka moto.

Tangu siku hiyo nafika mapema. Nasimama pale pale nitakapoonyeshea, kisha namwomba mwenzangu akae kiti cha mwisho kulia, halafu cha mwisho kushoto, aniambie anaona nini. Mazoezini mnatazamana ana kwa ana. Kwenye sherehe meza zimetapakaa na kila wakati kuna mtu anayepita mgongoni kwako akienda kuchukua kinywaji.

Jambo linalowaponza wageni wengi ni kutaka kuwashangaza wakongwe. Wamesikia kisa cha Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa zamani wa Marekani, aliyekuwa akijigamba kwamba mchezo wowote akiuona mara tatu ataujua. Mwaka 1922 huko Chicago, Dai Vernon, fundi wa karata kutoka Kanada, alimwonyesha karata inayochomekwa ndani ya pakiti kisha inakutwa juu, akairudia na kuirudia, na Houdini asiambulie kitu. Kisa kitamu. Ila Vernon alikuwa akishika karata tangu utotoni, wewe umezishika tangu lini? Wakongwe wa klabu wanaijua siri ya karibu kila utakachofanya, na hawajaja kukupima. Wafanyie wake, waume na watoto waliokuja nao. Hao wakishangaa, wakongwe watapiga makofi kuliko wote, maana wanajua kazi iliyofanyika.

Kwa hiyo chagua mchezo ambao mikono yako inaufanya hata akili ikiwa kwingine. Mchezo mpya uliounasa juzi subiri nao. Mwulize mratibu nani anatangulia na anafanya nini, kwa sababu mchezo wa mtazamaji kuchagua karata nawe ukaitambua ukija mara nne mfululizo unachosha, hata kama kila mmoja ana njia yake. Dakika tano zinatosha.

Mtazamaji akichagua karata, mwambie aionyeshe kwa aliye jirani naye. Niliwahi kuibua saba ya kopa kwa mbwembwe zote, bwana aliyeichagua akanikodolea macho: "Nadhani ilikuwa nyekundu." Hapo huna la kufanya. Wangeiona watu watatu, mmoja angeikumbuka. Na huyo uliyemwita mbele usimfanye kichekesho. Amekuja kula, hakuja kuaibishwa.

Kula baadaye, au nawa kwa sabuni na ukaushe mikono vizuri. Vidole vyenye mafuta vinagandisha karata, na mbili zikitoka pamoja usipotaka, mchezo umekwisha.

Mwenzako akiwa jukwaani na unaijua siri yake, tazama uso wake, usitazame mkono unaoficha. Macho yako huko ni kidole kinachowaelekeza wengine. Wala usimnong'oneze mkeo au mumeo.

Mwaka uliofuata, kabla sijaanza, nilimtafuta yule mtoto nikamwomba anifungie pazia. Alilifunga, akalikagua pande zote mbili, kisha akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa.