Kupiga kinanda kwenye mkutano wa chama si uchawa

Mdogo wangu, unasema umepiga kinanda kwenye mkutano wa chama hapo Unguja, na sasa wenzako wa taarabu asilia wanakuita chawa, yaani mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, na juu yake wanaiponda rusha roho, hiyo taarabu ya kisasa unayopiga wikiendi.

Hilo la siasa lisikunyime usingizi. Culture Musical Club, kikundi cha taarabu wanachokiheshimu wote hao, chimbuko lake ni jumuiya ya vijana wa chama cha Afro-Shirazi mwaka 1958. Mbona hakuna anayewaita chawa? Na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu ambaye leo kila mtu anamtaja kwa fahari, watu wa mjini walimkejeli kwamba katoka shamba na kaniki, nguo ya kimaskini. Alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kejeli zikabaki kwao. Dharau ya rusha roho ni hiyohiyo, imebadili nguo tu.

Ila wana hoja moja (sipendi kukiri): ulivaa fulana na kofia ya chama. Hapo umejitambulisha mwenyewe. Safari nyingine vaa shati lako, patana bei kabla ya kupanda jukwaani, uchukue nusu kabisa, na chama kingine kikikuita kwa bei ileile, nenda.

Kwenye kundi la WhatsApp usijibu kitu. Yule anayekusema zaidi mfuate kabla ya mazoezi, mkiwa wawili, umuulize kama shida yake ni chama au ni kwamba hakuitwa yeye.