Wafuasi waja leo, waondoka leo

Juzi usiku, nimemaliza kufunga chupa za mwisho na vidole bado vinawasha pilipili, nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Muheza. Anauza mafuta ya nazi. "Dada nakufuatilia muda mrefu. Nina wafuasi 4,200, naposti kila siku, hii wiki ya tatu sijauza hata chupa. Nakosea wapi?"

Nikacheka peke yangu jikoni. Wallahi si kwa kumdharau. Nilijiona mie mwenyewe miaka minne nyuma, nimekaa barazani Ngamiani, Tanga, naikodolea macho simu kama vile fedha itatokea ndani yake.

Kwa wageni wa hapa: mie nauza achari ya embe. Nimefundishwa na bibi yangu. Embe mbichi unazikata na ganda lake, unazitia chumvi, unazianika juani mpaka zinyauke, ndipo zinakutana na pilipili, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, siki na mafuta. Mtaani wakinijua. Watoto wanatumwa na kibakuli, narudisha kibakuli kimejaa. Nikaona ninachelewa, wenzangu wote wako mtandaoni, mie bado na vibakuli.

Nikamlipa jamaa mmoja shilingi 150,000 anifundishe biashara ya mitandaoni. Jina lake silitaji. Darasa lenyewe lilikuwa kundi la WhatsApp, wiki moja, sauti za dakika mbili mbili. Ukichuja maneno ya kutiana moyo, alisema mambo matatu: nunua wafuasi uonekane mkubwa, usiandike bei ili mteja aje inboksi, na tangazo ulirushe nchi nzima.

Nikayafanya yote matatu. Mie mwanafunzi mtiifu.

Wafuasi 10,000 nilinunua kwa 45,000. Nililala na watu 312, nikaamka na umati. Nikafurahi mpaka nilipoanza kuwapitia mmoja mmoja. Majina siwezi kuyatamka, picha hawana, wengine wameandika kwa herufi za nchi nisizozijua. Nikaposti chupa yangu nzuri kabisa, imekaa juu ya ungo na embe pembeni. Nikapata mioyo sita. Mitatu ya binamu zangu, mmoja wa mume wangu. Mwezi haujaisha, watu elfu tatu wameyeyuka. Huku kwetu Tanga tuna ule msemo, waja leo waondoka leo. Sikujua kuwa hata wafuasi wa kununua wanaufahamu.

Tangazo la nchi nzima nililipia 60,000. Hili lilileta watu wa kweli, tatizo watu wenyewe wako wapi? "Mwanza mnafika?" "Mbeya je?" "Nairobi?" Achari ya shilingi 6,000, nauli ya kifurushi 5,000 au zaidi. Mtu akisikia hivyo anakutumia kile kikatuni cha kucheka, ndiyo basi tena.

Oda ya maana ilikuja moja tu. Mama wa Dar es Salaam, chupa 24. Ilikuwa Desemba, embe zimejaa. Nikazipanga kwenye boksi la sabuni, magazeti katikati, alfajiri niko stendi ya Kange. Vifuniko nilikaza kwa mkono tu, habari za kuziba mdomo wa chupa sizijui. Saa nane mchana simu inalia, mwanamume wa ofisi ya vifurushi, sauti imempanda: "Wewe ndiye mwenye achari? Njoo uone ulichofanya!" Nije vipi, kaka yangu, niko Tanga. Akanitumia picha. Boksi limelowa mpaka limelegea, chini yake mfuko wa mtu umefunguliwa, ndani kanzu mbili nyeupe, mpya, bado zina karatasi ya dukani kwenye kola. Nyeupe zamani. Bizari ilikuwa imeshuka begani mpaka kiunoni, manjano ile isiyojua sabuni.

Kanzu nikalipa 90,000. Mama wa Dar nikamrudishia fedha yake yote. Akanisamehe kwa maneno mazuri, hakuagiza tena. Niliifuta ile picha kwenye simu, kichwani imegoma kufutika. Nikamwandikia mwalimu wangu. Ameusoma ujumbe, tiki mbili za buluu zile pale, hajajibu mpaka leo.

Kilichoniinua hakikuwa cha ajabu. Nilirudi kwenye daftari la kaunta ambalo nilikuwa naandika watu wa vibakuli. Majina 40 na kitu. Mama wa Chumbageni, fundi cherehani wa Makorora, mpishi wa shughuli, vijana wawili wa bandarini. Hao ndio walikuwa wakirudi. Nami nilikuwa nimewaacha barazani nikaenda kuwabembeleza watu wasio na sura.

Nikaweka WhatsApp ya biashara, ni bure. Ina mahali pa kupanga bidhaa na bei zake, ina lebo za kumtenga aliyelipa na ambaye bado, ina majibu ya haraka ili usiandike "karibu sana mpenzi" mara hamsini kwa siku. Halafu nikajua jambo ambalo yule jamaa hakulisema kwa 150,000 yangu: ukituma tangazo kwa orodha ya watu, orodha moja inabeba namba 256, na anayelipata ni yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengine wote unawatumia hewa. Rudia kusoma hapo. Una namba zao wewe, je, wao wana yako?

Ndipo nikachapisha stika ndogo, nikaibandika kwenye kila chupa: "Hifadhi namba hii, mzigo mpya ukitoka uupate kabla haujaisha." Na kila ninayempelekea namwomba aihifadhi mbele yangu, nasimama pale pale mlangoni kama mdai. Wanacheka, wanaihifadhi.

Bei nikaiandika kubwa. Chupa ndogo 4,000, kubwa 7,000. Jamani, hii "bei njoo inboksi" imetoka wapi? Mtu amesimama na fedha yake, unamwambia aje uani mnong'onezane. Ukienda sokoni Mgandini ukauliza nyanya bei gani, muuzaji akakujibu "njoo nyuma ya kibanda", utaenda?

Na siku. Hili nalipenda kuliko yote maana nililigundua mwenyewe. Nilikuwa naposti Jumatatu asubuhi kwa sababu nilisikia watu wanaanza wiki na ari. Ari ya kula achari? Ijumaa ndiyo nyumba nyingi za huku zinapika pilau au biriani, na pilau bila achari mtu anakula huku analalamika. Sasa naweka stetasi Alhamisi baada ya magharibi, wakati mtu anawaza kesho apike nini. Stetasi inakaa saa 24, kwa hiyo inamfuata mpaka jikoni. Ijumaa asubuhi kijana wangu wa baiskeli anazunguka, kabla ya adhana ya adhuhuri amemaliza. Wiki ya kwanza niliuza chupa 31. Thelathini na moja! Nililia, sioni haya kusema.

Matangazo ya kulipia sijayaacha. Ila sasa kwenye kuchagua eneo nachora duara la kilomita chache kuzunguka mji. Chupa ikivuja kwa mtu wa Raskazone, napanda bajaji, nampa nyingine na samahani juu, biashara inaendelea. Kuvuja Dar kuliniondolea mtaji.

Mwezi huu hoteli moja ya upande wa Pangani imechukua chupa 300. Waliniona wapi? Mpishi wao ana dada yake Makorora, yule yule fundi cherehani. Niliwahi kukutana na hoteli kabla, wakataka nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, nikarudi mikono mitupu, nikaona wananionea. Nikaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, nikaanza safari ya vipimo na lebo. Hiyo nitaisimulia siku nyingine, ni ndefu na haina raha.

Na yule mwalimu? Wiki iliyopita kaweka picha ya chupa yangu kwenye ukurasa wake, chini kaandika "matunda ya wanafunzi wangu". Nimeandika jibu, nimelifuta, nimeandika tena, nimelifuta. Wenzangu, mnaotafuta njia ya mkato, acheni. Yule jirani unayemwona wa kawaida, anayenunua kidogo kidogo, mwandike jina. Mjue anapika nini, siku gani, kwake wanakula wangapi. Mkosee, mwombe radhi. Acheni kuhesabu mioyo. Mioyo hailipi umeme. Hesabuni waliorudi, nayarudia haya kwa sababu mie niliyalipia.

Dada wa Muheza niliingia ukurasani kwake usiku ule ule kabla ya kumjibu. Picha nzuri, chupa safi, nazi zimepasuliwa vizuri pembeni. Nikashuka mpaka chini kabisa, posti zaidi ya mia. Bei sikuiona hata moja. Nikarudi kwenye ujumbe wetu nikamuuliza, mdogo wangu, chupa unauzaje?

Akaniambia, "Inategemea dada. Njoo inboksi."

Tulikuwa inboksi.