Maswali Yenu: Ndugu Wawili, Bunduki Moja

SWALI: Mhariri, nimetazama Winchester '73 na sikujua kama Lin na Dutch Henry ni ndugu wa damu mpaka karibu na mwisho, rafiki yake Lin alipomweleza Lola, yule mwimbaji wa baa. Je, filamu ilituficha, au kuna dalili zilizonipita?

JIBU: Dalili zipo, ila ziko mikononi mwao, hazitamkwi. Rudi mwanzoni, kwenye baa ya Dodge City. Wyatt Earp, mkuu wa polisi wa mji, hataki silaha mjini, kwa hiyo kila mgeni amesalimisha bastola yake. Lin (James Stewart) anaingia, macho yanakutana na ya Dutch Henry (Stephen McNally), na mikono ya wote wawili inashuka nyongani kwa kasi ileile. Inakuta patupu. Simamisha picha hapo hapo uwatazame: wameinama namna moja, kila mmoja kama kivuli cha mwenzake. Muongozaji Anthony Mann hakuweka neno hata moja la kueleza, na alifanya vyema.

Kisha tazama shindano la shabaha la tarehe 4 Julai 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100. Zawadi ni bunduki ya Winchester iitwayo "moja kati ya elfu". Wawili hao wanafungana, shabaha inabadilishwa, wanafungana tena. Lin anashinda kwa kupitisha risasi katikati ya pete ndogo iliyorushwa juu, na kwa kuwa watu wanadai amekosa, tundu la pete linazibwa kwa stempu naye anaitoboa. Watu wawili wasiofahamiana hawalengi hivyo. Mwalimu wao ni mmoja, na mwalimu huyo ni baba yao, ambaye Dutch Henry (jina lake halisi Matthew McAdam) alimpiga risasi ya mgongoni alipokataa kumficha baada ya uhalifu.

Jambo moja la kuzingatia: Lin si mtu wa serikali. Hana beji wala hati ya kumkamata mtu. Ndiyo maana mapambano ya mwisho kule kwenye majabali yanauma. Dutch yuko juu, ameshika ile bunduki ya zawadi ambayo Lin alinyang'anywa. Lin yuko chini na bunduki ya kawaida, risasi zinagonga mwamba na kuruka ovyo. Anashinda, lakini anarudi mjini kama mtu aliyetoka kuzika.

SWALI: Hiyo bunduki ya "moja kati ya elfu" ilikuwapo kweli?

JIBU: Ilikuwapo. Kiwanda cha Winchester kilijaribu mitutu yake, na ule uliopanga risasi karibukaribu kuliko mingine uliwekwa kwenye bunduki iliyonakshiwa na kuchorwa maneno hayo. Bei yake ilikuwa dola 100. Za modeli ya 1873 zilizotengenezwa hazikufika 140. Bunduki ndefu ya kawaida ya modeli hiyo hubeba risasi 15 kwenye bomba lililo chini ya mtutu; ukishusha wenzo, ganda tupu linatoka na risasi mpya inapandishwa.

Kosa la historia liko kwa Earp. Mwaka 1876 Earp halisi alikuwa na miaka 28, tena alikuwa msaidizi tu wa mkuu wa polisi wa Dodge City. Will Geer, aliyemwigiza, alikuwa amekaribia 50.

SWALI: Nimepata Night Passage, Stewart akiwa tena na ndugu mhalifu, lakini kwenye televisheni yangu watu wamekatwa pembeni. Tatizo ni nini?

JIBU: Filamu hiyo ya 1957 ilipigwa kwa Technirama, mfumo wa picha pana: mkanda ulipita kwenye kamera kwa ubavu, kila fremu ikichukua matundu 8 ya kingo za mkanda badala ya 4. Picha iliyofika kwenye kumbi ni pana sana, upana mara 2.35 ya kimo. Televisheni za sasa ni mara 1.78 tu. Kwa hiyo lazima uone pande mbili nyeusi, juu na chini. Kwenye skrini ya inchi 43 kila moja ina kama sentimita 6.5. Usipoziona, umepoteza karibu robo ya picha. Ingia kwenye mpangilio wa picha, zima ukuzaji, chagua 16:9. Ikibaki vilevile, nakala yenyewe ndiyo iliyokatwa na hakuna kitufe kitakachorudisha kilichoondolewa. Tafuta nyingine, maana milima ya Colorado na ile reli nyembamba ndivyo vinavyoibeba filamu hii. Undugu wa Grant (Stewart) na Utica Kid (Audie Murphy) unaelezwa kwa maneno mengi mno, ingawa Kid anapogeuka na kusimama upande wa kaka yake, akafa kwa risasi ya Whitey, kiongozi wa wahalifu, inashika moyo.

Kwenye televisheni, Winchester '73 ina tatizo la kinyume. Picha yake ni nyembamba, 1.37, na pande nyeusi hukaa kushoto na kulia. Ukiivuta ijaze skrini, watu wananenepa kwa karibu asilimia 30, na pale kwenye baa ya Dodge City ule mfanano wa miili miwili unapotea.