Mwalimu mpya wa Historia, anzia Kitanzini

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa Iringa, Njombe au Mbeya, karibu sana. Kabla hujakaa na azimio lako la kazi, tenga asubuhi moja ushuke Kitanzini, hapa Iringa mjini. Simama tu usikilize. Wapo wauza nyanya na mchicha, wapo makondakta wanaolitaja jina hilo mara mia kwa siku, na wanafunzi wako wanapita wakielekea nyumbani. Wazee wa mji watakuambia kwamba Wajerumani walinyongea watu hapo. Kitanzi kimebaki kwenye jina, na watoto wanalitamka bila kukiona.

Nakuambia haya kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilikosea. Nilipofika mada ya kuondolewa kwa ukoloni Afrika, niligawa ubao mara mbili: kushoto nchi zilizopata uhuru kwa amani, kulia zilizoupata kwa mtutu wa bunduki. Tanganyika nikaiweka kushoto, Algeria, Msumbiji na Zimbabwe kulia. Msichana mmoja anayetokea upande wa Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama tulipata kwa amani, Mkwawa alipigania nini?" Nikamjibu kwamba huo ni upinzani, mada tuliyokwisha kuimaliza. Akakaa, akanakili jedwali langu. Jibu lile linaniuma mpaka leo. Nilichukua damu ya babu zake nikaifungia kwenye daftari la mwaka uliopita.

Ni kweli kwamba tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilipanda bila vita, na chama cha TANU kilifika pale kwa mikutano, kadi na kura. Hilo ni jambo la kujivunia, lifundishe kwa nguvu zote. Ila usiseme "bila damu" halafu ukanyamaza. Damu ilitangulia miaka sabini nyuma, na nyingine ilikuja kumwagwa na majirani zetu waliojiandaa kwenye ardhi hii hii.

Ukifika kwenye vita ya Lugalo, nenda taratibu. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski wakakiangamiza, naye akauawa. Wanafunzi watashangilia, waache washangilie. Kisha waulize: waliokufa upande wa Mjerumani walikuwa akina nani? Wazungu walikuwa wachache tu. Wengi walikuwa askari weusi, Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine waliotolewa Msumbiji. Ukoloni uliendesha vita vyake kwa mikono ya Waafrika na kuwagawia vyeo kwa rangi, Mzungu juu, askari mweusi chini yake, mpagazi chini kabisa. Mtoto akilielewa hilo, hataona tena vita ile kama mechi ya weusi na weupe, na ataanza kuuliza nani alimtuma nani, kwa malipo gani, kwa hofu gani.

Hapo utakutana na jambo gumu zaidi. Darasani kwako hawatakuwepo Wahehe peke yao. Atakuwepo Msangu, na Merere wa Usangu alishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, kwa sababu Wahehe walikuwa wamemng'oa kwenye nchi yake. Atakuwepo Mbena, na Septemba 1905 Wabena walivamia misheni ya Yakobi, Njombe, wakati wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, huku Wahehe wengi wakiwa upande wa serikali. Nilipolisema hili mara ya kwanza, kijana mmoja aligeuza uso dirishani, kana kwamba nimemtukana. Usilifiche, ila usilitupe tu darasani ukaondoka. Eleza kwamba Iringa ilikuwa imetoka kuvunjwa: ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani na wao wenyewe wakamnyonga mwaka 1897, na Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898. Miaka saba tu baadaye, watu waliopita humo hawakuamua wakiwa huru. Na waliokataa kunyamaza, huko kusini, walichomewa mashamba na maghala mpaka njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Kura tatu za mwaka 1958 utazifundisha kwa kipindi kimoja: kila mpigakura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waambie wanafunzi wahesabu wenyewe kila kundi lilikuwa na watu wangapi nchini. Hesabu hiyo itawafundisha haki ya kujitawala kuliko notisi zako.

Kama uko Mbeya, una hazina ambayo walimu wengi hawaigusi. Januari 1962 Nelson Mandela, akiwa ametoroka Afrika Kusini kimyakimya, alitua Mbeya kwa ndege ndogo. Kwenye hoteli aliwakuta weusi na weupe wameketi barazani pamoja, kitu ambacho hakuwahi kukiona hotelini katika maisha yake. Mhudumu Mzungu wa mapokezi alikuwa amesahau kuwaambia kwamba mwenyeji wao, John Mwakangale wa TANU, amewaulizia, na Mwafrika mmoja aliyekuwa mgeni hotelini hapo akamkanya kwa upole na uthabiti, kwamba hawa ni wageni wetu na wapewe heshima yao. Mandela alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kweli yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika. Siku arobaini na kidogo baada ya uhuru! Soma kisa hicho darasani, kisha wapeleke wanafunzi stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wazione reli za kilomita 1,860 zilizojengwa ili Zambia isipitishe shaba yake mikononi mwa walowezi wa Rhodesia.

Na wa Iringa msisahau Mgagao, wilayani Kilolo, ambako wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, walifanyia mazoezi. Ukimpata babu au bibi aliyewahi kuwauzia mahindi au kusikia nyimbo zao, mfuate. Anza na "kamwene", salamu ya huku kwetu, kaa, kunywa ulichopewa, usitoe daftari mpaka aseme. Nimewahi kupoteza mazungumzo mazima kwa kutoa simu ya kurekodi mapema mno.

Jambo moja walimu wengi watakushauri ulikwepe. Huenda wewe mwenyewe umesoma Chuo cha Ualimu Kleruu. Dk. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipigwa risasi Isimani tarehe 25 Desemba 1971 na mkulima, Saidi Mwamwindi, katika mzozo wa ardhi na vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alijipeleka polisi, na baadaye akanyongwa. Miaka kumi baada ya uhuru, swali la nani anaamua juu ya shamba langu lilikuwa bado linaua. Ongea nalo kwa adabu, familia zote mbili ziko hai.

Mwisho, Kalenga, kwenye makumbusho linakohifadhiwa fuvu la Mkwawa, ambalo Wajerumani walilichukua. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, katika ibara ya 246 ulidai lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954, mwaka ule ule ilipozaliwa TANU, nalo Gavana Mwingereza, Twining, alilipata katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani, kati ya mafuvu kama 2,000 yaliyokusanywa na kupimwa ili watu wapangwe kwa rangi na mbari. Alilichagua kwa vipimo na tundu la risasi, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Wapeleke wanafunzi wasimame mbele ya kile kioo kimya dakika mbili kabla ya mhifadhi kuanza kueleza. Mwaka juzi, wangu mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na yale mengine yote, ni ya babu za nani?" Tuliporudi nililiandika swali lake juu kabisa ya ubao, na nikamwomba mwalimu wa zamu asilifute.