Dola 46,000 za Uingereza si mshahara wa mtu

Swali linalotufikia kila mara sisi Wakenya tulioko Uingereza kutoka nyumbani ni hili: "Tumeona Mwingereza ana dola 46,000 kwa mwaka na Mkenya ana 2,100. Sasa nyinyi mlio huko, mbona hata karo ya mtoto mmoja mnailipa kwa mafungu?"

Takwimu hizo ni za kweli, za Benki ya Dunia za mwaka 2022. Ila hakuna anayezipokea. Ni pato la ndani kwa kila mtu (GDP per capita): thamani ya kila kilichozalishwa nchini mwaka mzima, ikagawiwa watu wote, kuanzia mtoto wa jana hadi mzee wa pensheni. Ndani yake mna faida za makampuni, mna ushuru, na mna hata kodi ya pango ambayo mwenye nyumba huhesabiwa kana kwamba anajilipa mwenyewe.

Tuone kinachofika mfukoni. Aprili 2025 mshahara wa chini Uingereza kwa mwenye miaka 21 kwenda juu uliwekwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 40 kwa wiki, wiki 52, ni kama pauni 25,400. Pauni 12,570 za kwanza haziguswi. Zinazozidi hapo hukatwa asilimia 20 ya ushuru wa mapato na asilimia 8 ya bima ya taifa. Zinabaki kama pauni 1,800 kwa mwezi, na mchango wa pensheni bado haujatolewa. Chumba London, jiko na choo mkitumia na watu msiojuana, kinaweza kumeza karibu nusu. Nauli hujagusa.

Kosa kubwa zaidi hutokea mtu anapolinganisha miaka. Mwaka 2007 pato la Mwingereza lilikuwa kama dola 50,000. Miaka 15 baadaye, 46,000. Je, walifukarika? Uchumi wao ulizorota kweli baada ya 2008, lakini hiyo si sababu ya kushuka huko: pauni ya 2007 ilinunua dola mbili, ya 2022 ilinunua kama dola 1.24. Ni ubadilishaji wa fedha tu. Kenya nayo, mwaka 2023 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 5, na bado pato la mtu kwa dola likashuka chini ya 2,000, kwa sababu shilingi ilitoka wastani wa 118 kwa dola mwaka 2022 ikapita 155 mwaka 2023 ukiisha. Sukuma shambani haikupungua hata jani.

Kisha kuna mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia uchumi. Septemba 2014 KNBS, shirika la takwimu la Kenya, iliutoa 2001 ikaweka 2009, na uchumi wa Kenya ukaonekana umenenepa kwa robo nzima kati ya jioni na asubuhi. Anayeshona takwimu za kitabu cha zamani na za leo anapata ngazi ambayo haikuwapo. Pakua mfululizo wote siku moja, mahali pamoja.

Kwenye hazina ya takwimu ya Benki ya Dunia, safu ambayo kila mtu huinakili ni NY.GDP.PCAP.CD, dola za mwaka husika. Hiyo iache. Ukitaka kujua nchi moja imesonga kiasi gani, fungua NY.GDP.PCAP.KD, iliyoondolewa mfumuko wa bei. Ukitaka kulinganisha nchi mbili, fungua NY.GDP.PCAP.PP.KD, inayozingatia pia bei za kila nchi. Kinyozi wa mtaani Nairobi anakunyoa kwa shilingi 150. Wa London anataka pauni 15, zaidi ya shilingi 2,000, na kichwa ni kilekile. Bei zikisawazishwa hivyo, pengo la mara 22 linashuka hadi kama mara 9.

Mara 9 bado ni nyingi, tusidanganyane. Pato la Mkenya likikua asilimia 3 kwa mwaka na la Mwingereza asilimia 1, kufikiana kutachukua karibu miaka 110. Na kwa dola taslimu pengo litazidi kupanuka kwanza: asilimia 3 ya 2,100 ni dola 63, asilimia 1 ya 46,000 ni dola 460.

Mkiuliza hela tunazotuma ziko wapi katika hesabu hiyo: hazimo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma zaidi ya dola bilioni 4.9, lakini pato la ndani huhesabu kilichozalishwa ndani. Zikijenga nyumba Kitengela, kazi ya fundi inaingia. Vigae vilivyoagizwa China vinatolewa.